Mkono Uliokataa Kuacha Kuigiza

Kisa hiki kinanitoa mjinga, mwanangu. Nakwambia mapema ili usihangaike kunitafutia heshima njiani. Na ukiniuliza mimi ni nani hata nikuite mwanangu, nami ndevu zenyewe hazijakutana kidevuni, jibu ni kwamba kwenye warsha zetu za Mji wa Kale ukubwa hauendi na miaka. Unaangaliwa nani alitangulia kuungua vidole. Vyangu viliungua kabla ya vyako, kwa hivyo kaa hapo unisikilize.

Nakumbuka siku moja walitujia watu wa chuo kikuu. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwa Fundi Yusufali, sonara, kwenye kichochoro kimoja si mbali na Biashara Street. Mkuu wao alikuwa mama wa makamo, Daktari Rukia, na nyuma yake wanafunzi waliovaa makoti meupe katika joto lile, wanatoka jasho kama wamekuja kutibiwa wao. Daktari akasema yeye anafundisha na kuchunguza magonjwa yanayompata mtu kwa sababu ya kazi anayofanya na mahali anapokaa. Mimi nikamuuliza, kumbe kuna magonjwa mengine zaidi ya hayo? Akacheka. Hapo nikajiona nimepata soko.

Akauliza tunatumia dawa gani kazini, tunavuta moshi gani, tunalala vipi. Nikamjibu hapa kwetu ugonjwa ni mmoja, njaa ya saa sita, na dawa yake tunaijua. Nikawaigizia mama anayetaka bangili nzito kwa bei ya nyepesi. Nikamwigiza muuza kahawa mwenye kithembe. Wanafunzi wakashika mbavu. Daktari alipoashiria mlango wa chumba cha nyuma akauliza humo mna nini, nikamwambia humo tunafuga joka, halijazoea wageni. Wakacheka tena, wakaandika walichoandika, wakaenda zao. Kabla ya kutoka Daktari akaniambia pale chuoni wanatafuta mtu wa kujifanya mgonjwa, ili wanafunzi wajifunze kuuliza maswali kabla hawajakutana na mgonjwa wa kweli. Mimi shule yangu iliishia darasa la nane, na leo chuo kikuu kinaniita. Nilitembea hadi nyumbani Buxton nikiwasalimia hata watu nisiowajua.

Sasa nikueleze hicho chumba cha nyuma, maana ndiko kisa kiliko.

Sonara hatupi taka. Vumbi la sakafuni, la mezani, lile linalobaki kwenye kitambaa cha kufutia mikono, lote linawekwa, kwa sababu ndani yake mna chembe za dhahabu. Ndoo ikijaa, vumbi linachanganywa na zebaki, ile inayotiririka kama fedha iliyosahau kuganda. Zebaki inazikusanya zile chembe, linakuwa donge. Donge linawekwa kwenye kisahani cha chuma juu ya mkaa. Zebaki inaondoka, dhahabu inabaki. Inaondoka inakwenda wapi? Sikuwahi kuuliza. Kitu kikiondoka, sisi tulijua kimeondoka.

Siku ya kuchoma, mlango hufungwa na dirisha huzibwa kwa kitambaa, upepo usije ukachezea moto wala jirani asichungulie. Kisha ubani hufukizwa. Masonara wa zamani walikuwa wanasema dhahabu ina wenyewe, na wenyewe hao hawapendi kuguswa mali yao bila kukaribishwa. Fundi alikuwa akifukiza kwa adabu, anawasalimia, ndipo anawasha mkaa. Mimi nampepea moto. Tunatoka humo macho mekundu, tunanuka kama arusi.

Basi Fundi, hata kabla ya ugeni ule wa chuo, alikuwa ameanza kubadilika. Si kwa siku moja, la. Ilikuwa kama mtu anayehama nyumba polepole, leo kachukua kiti, kesho kachukua pazia, mpaka unashtukia nyumba ni tupu. Alikuwa mtu wa maneno, wateja wanakuja kwa stori zake kabla ya pete. Akaanza kuona haya. Mzee mzima, akisikia mtu anapiga hodi, anajificha nyuma ya kabati kama bibi arusi. Ukimuuliza jambo dogo anakasirika mpaka machozi yanamtoka, kisha anasahau alikasirikia nini. Halali. Mkono ukaanza kumtetemeka, na pete iliyokuwa inasubiri jiwe ikawa inasubiri kweli kweli.

Halafu akaniambia marehemu baba yake amerudi. Yumo chumba cha nyuma, kakaa pembeni kwenye kigoda chake. Kigoda hicho kilivunjika zamani, mimi mwenyewe ndiye niliyekifanya kuni. Nikamwambia, Fundi, kile kigoda hakipo. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye ninayeumwa. Akasema, "Shusha sauti. Anataka mlango ufungwe vizuri."

Kichochoroni wakasema Fundi ana watu wake, yaani majini. Mkewe, Mama Zehra, mwanamke mpole sana, akaleta mtu anayejua mambo hayo. Mtu huyo akasoma, akafukiza, akaagiza chumba kile kisiachwe wazi hata kidogo, kilichomo kisije kikatokea kwa watoto wa mtaani. Tukaziba na upenyo wa chini ya mlango kwa kanga kuukuu. Fundi naye ndiyo kwanza akahamia humo, mchana kutwa yuko ndani. Alivyozidi kuumwa, ndivyo tulivyozidi kufunga.

Nami nilifanya nini? Nilimwigiza. Vijana wakikusanyika barazani wananiambia, hebu tupe Fundi. Nawapa Fundi. Jicho linalokimbia, haya, hasira, na ule mkono. Nilimwigiza hata anavyomwigiza baba yake, maana zamani alipokuwa mzima alipenda kutusimulia visa vya mzee huyo, kwa sauti nzito, na kikohozi katikati ya kila maneno mawili. Mmoja wao akaniambia siku moja kwamba mkono wangu siku hizi unatetemeka vizuri kuliko wa Fundi mwenyewe. Nikashukuru. Fikiria, mwanangu. Nikamshukuru.

Ikafika siku ya chuoni. Daktari Rukia akanipa karatasi: mimi ni mtu wa kupaka nyumba rangi, kichwa kinaniuma, silali. Akanionya nisiongeze chumvi. Mtu kama mimi unamwambia asiongeze chumvi? Nilipokaa tu kwenye kile kiti mbele ya darasa, yule mpaka rangi nikamuacha mlangoni, nikamwingiza Fundi Yusufali.

Wakacheka. Nikajificha nyuma ya daftari la mwanafunzi, wakacheka. Nikakasirikia feni, wakacheka. Ila msichana mmoja mwenye miwani, mbele kabisa, alicheka mara moja akaacha. Akawa ananitazama. Akauliza kwa upole kama mate yananijaa mdomoni kuliko zamani. Nikajibu ndiyo, kwa sababu Fundi siku hizi anatembea na leso mdomoni. Akauliza ufizi unatoka damu? Unatoka. Akauliza kama nasahau majina ya watu wa nyumbani. Nikajibu ndiyo, maana wiki ile Fundi alikuwa amemwita mkewe kwa jina la dada yake. Nikageuka nikamtazama vizuri. Yule binti hajawahi kutia mguu chumba cha nyuma. Hakumjua Fundi, siku ile walipokuja Fundi alikuwa amejificha. Lakini alikuwa anaitaja nyumba yetu kitu kimoja kimoja, kama mtu aliyewahi kulala mle ndani.

Akauliza, "Na mdomoni unasikia ladha gani?"

Nikajibu papo hapo, ladha ya sarafu, kama umelamba shilingi.

Baada ya kusema ndipo nikajisikia. Fundi hajawahi kuniambia ladha ya mdomo wake. Ile ilikuwa yangu.

Daktari Rukia akasimama. Akaja taratibu mpaka mbele yangu, akasema, "Umefanya vizuri. Sasa acha kuigiza, upumzike."

"Nimeacha, Daktari."

Hakuna aliyecheka. Nikaona wote wanaangalia chini, nami nikaangalia walikoangalia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya goti, unakwenda wenyewe. Nikauwekea mwenzake juu, uutulize. Ikawa sasa inakwenda yote miwili.

Daktari akachora kwenye karatasi mstari unaojizungusha kama mgongo wa konokono, akaniambia nipitishe kalamu juu yake. Mimi, mwanangu, nachonga maua kwenye pete ya mtoto. Nikapitisha kalamu. Kilichotoka kilikuwa kama njia ya mende aliyepuliziwa dawa. Nikajaribu kufanya mzaha, mzaha haukuja. Sijui kama umewahi kutafuta kitu mahali ulipokiweka maisha yako yote, usikikute.

Akaniuliza ninayemwigiza ni nani. Nikamwambia. Akaniuliza kwenye kile chumba cha joka tunafanya nini. Nikamwambia yote, zebaki, mkaa, kitambaa dirishani, kanga chini ya mlango. Uso wake ukawa mgumu. Akataka kujua Fundi atachoma tena lini.

Nikamwambia leo, baada ya Alasiri. Ndoo imejaa.

Tulipofika kichochoroni, Mama Zehra alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, kajifunika, anaomba dua kimya kimya. Ubani ulikuwa unapenya kwenye nyufa. Fundi yuko ndani, kapiga komeo, na ule ni mlango wa zamani, wa kuvunja kwa shoka na subira. Daktari akapiga hodi, akajitambulisha, akaeleza kwa ustaarabu wote. Kwa ndani tukasikia Fundi anazungumza. Si nasi. Anasema neno, ananyamaza kama anayesikiliza jibu, kisha anasema "ndiyo, baba," na kukohoa. Kikohozi kibaya, cha kupasua. Akapaza sauti: "Baba amenikataza nisifungue."

Daktari akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ndogo, "Zebaki ikipata moto haiondoki. Inakuwa hewa, haina rangi, haina harufu. Anaivuta sasa hivi. Akianguka karibu na ule moto, hatutamuwahi."

Watu walikuwa wamejaa kichochoroni, na wote wananitazama mimi, mcheshi wa mtaa, kana kwamba nina cha kusema. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikwenda nikaweka mdomo kwenye ufa wa mlango, nikamwita kwa sauti ya marehemu baba yake.

"Yusufali."

Nikaweka na kile kikohozi. Nyuma yangu nilisikia Mama Zehra anasema "Ya Allah", maana yeye aliishi na mkwe wake huyo chini ya dari moja, anaijua sauti yake. Ndani Fundi akakatisha mazungumzo yake.

Nikasema, Yusufali, moto umetosha, toka nje. Komeo halikusogea. Nikasema tena. Na hapo sauti ya marehemu ikaanza kunivunjikia mdomoni, kikohozi nikakisahau, sijui ni nani aliyekuwa anasema. Nilisema, "Toka, nakuomba. Wallahi nakuomba, toka."

Nikasikia kigoda kinasogezwa. Halafu nikasikia kigoda cha pili kinasogezwa.

Mwanangu, chumba kile nakifagia mimi. Kina kigoda kimoja. Baadaye nilimwambia Daktari, akasema hata masikio yangu nayo yalikuwa yamekwisha kuvuta zebaki, na kichwa kilicholewa hivyo kinasikia mengi. Nilikubali, kwa sababu yeye amesoma. Nakwambia tu kile nilichosikia.

Komeo likatoka. Fundi akatokea, jasho linamtiririka, midomo imebadilika rangi, anashika ukuta. Alitutazama kama watu waliokuja kwenye ndoto yake bila kualikwa. Mama Zehra akamshika mkono, wakampeleka mpaka kwenye upepo, barabarani. Daktari akavaa barakoa kubwa yenye vichujio aliyokuja nayo kutoka chuoni, akaingia, akazima moto, akang'oa kile kitambaa dirishani. Kisha akawasha tochi akailaza karibu na sakafu, akaniita nichungulie kwa mbali kutoka mlangoni.

Kwenye nyufa za sakafu, chini ya kabati, kandokando ya ukuta, kila mahali palikuwa na matone madogo ya zebaki, mengine kama kichwa cha sindano. Mwanga ulipoyagusa yalimeta yote kwa pamoja. Sakafu nzima ilikuwa inatutazama. Miaka yote ile nimefagia pale nikidhani ni mimi ninayeiangalia.

Hospitali walichukua mkojo wetu, wa Fundi na wangu. Nilimwambia yule binti mwenye miwani kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kunitaka kitu kwa bidii namna ile, akaniambia nijaze chupa ninyamaze. Fundi alilazwa, akapewa dawa ya kuvuta ule uchafu utoke mwilini. Mimi wangu ulikuwa mdogo kuliko wake, lakini ulikuwepo. Polepole usingizi ulimrudia Fundi, kisha majina, kisha hasira zikamwisha, na mwisho wa yote ile haya ya kujificha ikamtoka, akaanza tena kumpunja mteja stori katikati ili arudi kesho. Mkono wake haujarudi wote. Sasa anatazama tu, kazi ya vidole nafanya mimi. Wangu umetulia, ila nikichoka sana unakumbuka.

Chumba kile walikuja watu wenye vifaa vyao, wakang'oa sakafu yote, na sasa dirisha halizibwi. Vumbi letu tunalipeleka kwa wanaojua kulisafisha bila kuchoma. Daktari Rukia alizunguka warsha zote za masonara tena, safari hii akiingia mpaka nyuma, nami natangulia mbele kumwambia kila mtu aseme kweli. Wengine walinipa mgongo. Wengine walileta mikono yao, wakaitandaza mezani mbele ya binti mwenye miwani.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mtu wa kazini kwako akibadilika, akawa mkali, akawa na haya, akaanza kusema na asioonekana, usikimbilie kumcheka, na usikimbilie kumwogopa. Muulize kwanza anavuta hewa gani. Dua msomee, dua haina ubaya, lakini msomee dirisha likiwa wazi. Kitu kikiyeyuka, kikichemka, kikitoweka mbele ya macho yako, uliza kimekwenda wapi, na usiache kuuliza mpaka ujibiwe, hata kama anayejibu ni mkubwa wako na anakukunjia uso. Wakija watu wa chuo na makaratasi yao wakakuuliza umeamkaje, waambie ulivyoamka, mzaha uje baadaye. Ule mzaha wangu wa joka ulimfungia Fundi mle ndani tangu siku ile mpaka siku tuliyomtoa. Na ukiwa na kipaji cha kumwigiza mtu, basi umemtazama kuliko wote. Wewe ndiye wa kwanza unayepaswa kusema kuwa anaumwa.

Mungu akupe kifua kizima na vidole vinavyokutii. Akujalie kazi unayoweza kuifanya milango ikiwa wazi, na jioni uwafikie wako ukiwa na akili zako zote, unawajua mmoja mmoja kwa majina. Amina.

Nilipomwendea Fundi hospitalini kumwomba radhi kwa kuchezea sauti ya marehemu, alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji, mkono mmoja umeushika mwingine. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema:

"Nilijua ni wewe. Baba yangu hakuwahi kuniomba kitu maisha yake yote. Lakini aliyeniambia nifungue alikuwa yeye. Aliniambia, mfungulie, mtoto wa watu analia."